Soko la Kariakoo na ukarabati wake: mpagazi aliyelipatia jina ataonekana wapi?

Mkazi wa Gerezani (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Naomba tujadili jambo moja ambalo limepita kimya katika mazungumzo ya ukarabati wa Soko la Kariakoo. Tangu soko lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, tumebishana sana kuhusu vizimba, kodi ya pango, orodha ya wafanyabiashara waliokuwapo kabla ya moto, na takriban shilingi bilioni 28 zilizotengwa kwa ajili ya kukarabati jengo kubwa na kujenga jingine pembeni yake. Yote hayo ni ya haki kujadiliwa. Lakini sijaona tulipoulizana kama mtu anayeingia pale kununua vitunguu atakutana popote na historia ya mahali anapokanyaga.

Wengi wetu tunajua kwa juu juu kwamba jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi mahali hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 wakaufanya kuwa makazi ya wapagazi wao. Vita vilipokwisha, miaka ya 1920, ukumbi ukawa soko na jina la kambi likabaki kuwa jina la mtaa. Nairobi nako kuna Kariokor, jina lile lile lililotamkwa na midomo mingine.

Wapagazi hao walikuwa akina nani? Ni wanaume waliokusanywa katika Afrika Mashariki yote na hata nje yake, wengi wao kwa nguvu, wakabeba chakula, risasi na vipande vya mizinga kichwani na mabegani kwa sababu malori yalikwama kwenye matope na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara damu, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi.

Sasa nendeni pale kwenye makutano ya Mtaa wa Samora na Mtaa wa Maktaba, mkaitazame Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo awali ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa na Waingereza baada ya kuuteka mji. Maandishi yake yanawataja wapagazi kwa heshima kubwa, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Hata hivyo, aliyesimama juu, mwenye bunduki na singe, akitazama upande wa bandari, ni askari peke yake. Sanamu ya Nairobi, iliyoko Kenyatta Avenue na iliyowekwa kwa ukumbusho wa watu hao hao, ina watu watatu waliosimama bega kwa bega, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa hiyo mji ambao eneo lake mashuhuri kuliko yote limeitwa kwa jina la wapagazi ndio ambao haukumpa mpagazi nafasi ya kusimama. Mimi jambo hili limenikera kwa miaka mingi, na nadhani ukarabati wa soko ndio wakati wa kulirekebisha.

Kabla sijaeleza ninachokipendekeza, niseme neno kuhusu jengo lenyewe, kwa sababu nimesikia watu wakiliita zege tupu lisilo na sura. Jengo hilo lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu, na likafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1975. Mapaa yake yameinuka mithili ya miavuli iliyopinduliwa juu ya nguzo zake, na umbo hilo halikuwekwa kwa urembo tu: lilikusudiwa kukusanya maji ya mvua na kuyateremsha, na pia kuacha hewa na mwanga vipite katika soko lenye watu wengi kuliko nafasi. Ukisimama chini yake unaona soko la chini ya miti lililoinuliwa kwa zege. Kwangu mimi jengo hilo ni kazi ya sanaa tayari. Hofu yangu ni kwamba mtu mwenye nia njema atakuja na ndoo za rangi, achore twiga, Mlima Kilimanjaro na mwanamke mwenye mtungi, kisha atangaze kwamba soko limepambwa kwa historia.

Pendekezo langu ni kwamba kazi ya sanaa iwe moja, iwe ya mpagazi, iwekwe kwenye milango na uwanja wa kuingilia, na nguzo na mapaa ya Amuli viachwe vilivyo. Ninaomba maoni yenu, hasa ya mafundi na ya wafanyabiashara wenyewe.

Fundi Terazo

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa mada. Mimi ni fundi wa sakafu na vigae kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nitasema ya ufundi na historia nitawaachia wenyewe.

Jambo la kwanza ni kwamba mchoro wa rangi kwenye plasta katika mji wa pwani haudumu, hata mchoraji awe hodari kiasi gani. Unyevu unapanda kutoka chini, chumvi inatoka ndani ya ukuta na kuisukuma rangi, na baada ya masika mawili au matatu unaona uso wa mtu umevimba na kubanduka. Ndani ya soko kuna zaidi ya hayo: kuta zinaoshwa kila siku, magunia yanasugua, na mikokoteni inagonga. Rangi za mafuta alizotumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kazi yake mwishoni mwa miaka ya 1960 zilifaa kwa sababu alichora kwenye vipande vya mbao vya kutundikwa ndani ya nyumba. Ukizihamishia kwenye ukuta wa shimoni, yaani sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, utakuwa unamwonea mchoraji.

Vinavyodumu ni vitatu: terazo (saruji yenye vipande vya mawe, iliyosuguliwa mpaka ing'ae) kwenye sakafu, vigae vilivyochomwa kwenye ukuta, na zege lililomiminwa katika kalibu yenye umbo. Hiki cha tatu ndicho ninachokipenda kwa Kariakoo, kwa kuwa kinapatana na jengo. Unachonga umbo kinyume ndani ya kalibu, unamimina zege, na ukiifungua sura ya mtu inatokeza ikiwa sehemu ya ukuta wenyewe. Haina cha kubanduka, na ikichafuka unaisugua kwa brashi na maji.

Jambo la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Kazi ya namna hiyo lazima iingie kwenye mkataba wa ujenzi tangu siku ya kwanza, ikiwa na mstari wake katika mchanganuo wa gharama. Nilipata kufanya kazi katika jengo moja la umma ambako sanaa ilikumbukwa wiki mbili kabla ya uzinduzi. Fedha zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo likabandikwa turubai lililochapishwa picha za mashujaa, nalo lilichanika kabla ya mwaka kwisha. Silitaji jengo hilo, lakini turubai lile nililiteremsha kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama Kizimba

Nawasalimu nyote. Nimesoma kwa makini, nami naomba mniruhusu niwe mkali kidogo.

Mimi nilikuwa sokoni kabla ya moto, na mali yangu iliteketea usiku ule. Mnaposema sanaa, sisi tunasikia fedha ambayo ingeweza kuwa bomba la zimamoto, king'ora, mlango wa dharura usiofungwa kwa mnyororo, au choo. Mleta uzi anasikitika kwamba mpagazi wa mwaka 1916 hana sanamu. Mimi nasikitika kwamba kuli wa leo, anayepandisha magunia kutoka shimoni tangu alfajiri, hana mahali pa kukaa, hana bomba la maji ya kunywa, na akiweka mzigo chini mgambo anamwambia anaziba njia. Huyo naye ni mpagazi. Yuko hai, na hakuna anayemwandikia uzi.

Sipingi historia. Napinga utaratibu wa kuwaheshimu waliokufa kwa gharama ya waliopo.

Mkazi wa Gerezani (mleta uzi)

Mama, shikamoo. Hoja yako ni nzito, na ninakiri kwamba sikuwa nimeifikiri hivyo. Katika maelezo yangu yote sikumtaja kuli hata mara moja, ingawa nimepishana naye tangu utotoni. Naomba nikae na neno lako kabla ya kulijibu, kwa sababu nikilijibu haraka nitajitetea tu.

Kuhusu fedha, ninakubaliana nawe kwamba vifaa vya kuzima moto vinatangulia vyote, wala sioni sababu ya kushindanisha viwili hivi.

Msomaji wa Upanga

Naomba kutoa mifano miwili ya nje, kwa kuwa hatuanzi sisi jambo hili.

Mjini Mexico, hatua chache kutoka uwanja mkuu wa mji, kuna soko linaloitwa Abelardo L. Rodríguez, lililofunguliwa mwaka 1934. Kundi la wachoraji vijana, wakisimamiwa na Diego Rivera, walipewa kuta na ngazi za soko hilo wazichore. Hawakuchora matunda. Walichora wakulima wananyonywa, wachimba migodi, na safari ya chakula kutoka shambani mpaka mezani pamoja na wote wanaokipunja njiani. Mwaka 1936 Isamu Noguchi, mchongaji Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, alitengeneza humo ukuta wenye urefu wa mita 22 hivi kwa matofali yaliyochongwa na saruji ya rangi, wenye historia ya Mexico ndani yake. Soko hilo bado ni soko, watu wananunua nyanya chini ya michoro hiyo. Bwana Fundi atafurahi kusikia kwamba sehemu nyingi za rangi ziliharibika kwa unyevu na kutotunzwa.

Mfano wa pili ni wa onyo. Katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Tottenham Court Road, London, Eduardo Paolozzi alifunika kuta kwa vigae vidogo vidogo vya rangi, kazi iliyokamilika katikati ya miaka ya 1980. Alichukua mambo ya mtaa ulio juu ya kituo: maduka ya vifaa vya umeme, muziki wa jazi, na jumba la makumbusho lililo jirani. Kituo kilipopanuliwa, mwaka 2015 matao yake yaliyokuwa juu ya ngazi za umeme yaliondolewa, watu wakapiga kelele wakiwa wamechelewa, na vipande vikapelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Sehemu kubwa ya kazi ilibaki na kutengenezwa upya, lakini funzo ni kwamba sanaa ikiwa sehemu ya jengo bila kulindwa kisheria, ukarabati unaofuata unaweza kuing'oa.

Hapa kwetu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Jengo la mwaka 1975 halimo mpaka litangazwe rasmi kuwa la kuhifadhiwa. Kwa hiyo, mleta uzi, hata hayo mapaa unayoyapenda usiyahesabu kuwa salama.

Mjukuu wa Mtaa wa Lumumba

Nina pingamizi dogo kwa mleta uzi. Kwa nini historia ya Kariakoo iwe ya wapagazi peke yao? TANU iliasisiwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ulioitwa New Street, ambao sasa ni Lumumba, mwendo mfupi kutoka sokoni. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa mmoja wa waasisi, alikuwa mkuu wa soko hilo hilo katika miaka ya 1950, na siasa nyingi za uhuru zilipita katika ofisi yake na nyumba za jirani. Bibi Titi Mohamed aliwakusanya wanawake wa vikundi vya ngoma vya mitaa hii. Yanga na Simba, zilizoanzishwa miaka ya 1930, ni watoto wa eneo hili. Ukisimamisha mpagazi mmoja tu, umeyafuta yote hayo.

Mkazi wa Gerezani (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Lumumba, ulichosema ni kweli tupu, na bado sikubaliani nawe. Nimeona kuta za namna hiyo katika majengo ya umma: vichwa vya viongozi kumi vimepangwa kama stempu, tarehe chini yake, na bendera pembeni. Mtu hupita mbele yake miaka mitano asikumbuke hata sura moja. Uhuru una Mwenge wake pale Mnazi Mmoja, waasisi wana mitaa inayoitwa kwa majina yao, na vilabu vina majengo yao na mashabiki wasiohitaji kukumbushwa lolote. Mpagazi hana mtaa wenye jina lake, kwa sababu majina ya wengi wao hayajulikani. Alichonacho ni neno moja lililopotoshwa na matamshi, ambalo konda wa daladala analiita mara mia kwa siku bila kujua kwamba anamwita marehemu.

Kama itapatikana nafasi ya kibao kuhusu Sykes na ofisi ya mkuu wa soko, nitakuwa wa kwanza kukisoma. Lakini kazi kubwa iwe moja.

Mnairobi

Hamjambo ndugu zetu. Nimefuatilia kutoka Nairobi na ningependa kuongeza jambo kuhusu ile sanamu yetu ya Kenyatta Avenue, kwa kuwa mmeisifu kuliko tunavyoisifu wenyewe.

Ni kweli mpagazi yupo. Lakini iko katikati ya barabara yenye magari mengi, imeinuliwa juu ya msingi, na anayetaka kusoma maandishi lazima avuke huku akihofia maisha yake. Kwa upande mwingine, Soko la Kariokor, ambako watu huenda kununua vyondo na kula nyama choma, ndilo lenye jina lake, na wengi wa wanaokula pale hawajui kwamba jina hilo ni la jeshi. Sanamu iko mahali pamoja na jina liko pengine, kwa hiyo kimoja hakimfafanui mwenzake. Ninyi mna bahati ya kuviweka pamoja. Msije mkamweka mtu wenu juu ya nguzo ya mita tano.

Fundi Terazo

Maneno ya Mama na ya huyu ndugu wa Nairobi yamenipa wazo ambalo naliandika kabla halijanitoka.

Tuache sanamu ya kusimama juu. Tujenge baraza. Mnazijua baraza za pwani, zile za mawe mbele ya nyumba, ambako mtu hukaa bila kumwomba mtu. Tujenge baraza ndefu ya zege kwenye uwanja wa kuingilia, upande ambao makuli hutokea shimoni, na iwe na ngazi mbili: ya chini ya kukalia, na ya juu ya kutulia mzigo, ili mtu autue bila kuinama na kuutwika tena bila kusaidiwa. Katika uso wa zege, kati ya ngazi hizo mbili, ndipo sura za wapagazi wa vita zitokeze, msafara mzima kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kila mmoja na mzigo wake. Mzigo wa aliye hai utakuwa umekaa juu ya vichwa vya waliochongwa. Bomba la maji liwekwe mwishoni.

Kwa hesabu ya ufundi, kalibu za sura nane au kumi zinatosha, kwa kuwa zinaweza kurudiwa kwa kupangwa tofauti. Gharama yake haiwezi kufika mbali, kwa sababu baraza yenyewe ni zege la kawaida.

Msomaji wa Upanga

Bwana Fundi, nimekaa kimya dakika kadhaa baada ya kusoma hilo. Ningeongeza tu kwamba pale Mkunazini, Zanzibar, kwenye kumbukumbu ya watumwa iliyotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, watu watano wa zege wamesimama ndani ya shimo na minyororo shingoni, na mtazamaji huwatazama kutoka juu. Umbo hilo linafaa pale kwa sababu linamfanya mtu anyamaze. Sokoni hakuna kunyamaza, kwa hiyo kazi inayoguswa na kutumiwa inafaa zaidi.

Mkazi wa Gerezani (mleta uzi)

Naliondoa pendekezo langu la mwanzo na kulichukua la Bwana Fundi, kwa ridhaa yake. Ninaandaa barua ya ukurasa mmoja kwenda kwa Shirika la Masoko ya Kariakoo, ikieleza mambo manne: baraza, msafara wa sura katika zege, bomba la maji, na ombi kwamba jengo la Amuli litangazwe kuwa la kuhifadhiwa. Nimeandika kwamba ngazi ya kutulia mzigo iwe na kimo cha sentimita 90. Mama, nakuomba uisome kabla haijaondoka.

Mama Kizimba

Nimeisoma, na nitaisaini. Badilisha kimo. Sentimita 90 ni usawa wa kiuno, na mwenye gunia la kilo mia mgongoni hawezi kulishusha mpaka kiunoni bila kulitupa. Kuli hutua mzigo kwa kurudi nyuma, mgongo ukielekea mahali pa kutulia, gunia likae lenyewe. Kesho saa kumi na mbili asubuhi njoo na futi kamba, nitakuitia watatu wenye vimo tofauti, uwapime mabegani wakiwa na mizigo.